Lori Linatoka Kushoto

Luthuli Avenue, Nairobi
Jumatatu, 26 Julai 2004

Bwana Kiragu,

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwa simu umenishinda. Leo nimepiga ofisini kwenu Hurlingham mara sita. Opareta ni wewe, sauti ni yako, na kila mara unaniambia "subiri kidogo, nakuunganisha," halafu unaniacha na kale kamuziki ka kengele mpaka salio la simu linaniishia. Unaniunganisha na nani, bwana, na ninayemtaka ndiye huyo aliyeshika waya?

Sasa keti vizuri, na huyo anayekusomea akohoe, aanze.

Mimi Mbaluka si mtu wa kuitwa tapeli mbele ya watu. Nimeuza redio Kampala, nimebeba makatoni Dubai mpaka Waarabu wakawa wananiita kwa jina, nimelala ndani Mwanza siku mbili kwa kosa la mtu tunayefanana naye. Kote huko hakuna aliyenitamkia hilo neno. Ni wewe tu, tena Jumamosi mchana, tena katikati ya jiji, kwenye maonyesho ya kompyuta ambayo meza yake niliipata kwa mdomo wangu, baada ya kumzungusha msimamizi hadi akadhani sisi ni kampuni kutoka Japani.

Nikukumbushe, maana wewe una mazoea ya kukumbuka upande wako tu. Ulikuja dukani kwangu mwezi wa tatu na diski moja mfukoni, ukasema umetengeneza mchezo wa kompyuta usio na picha hata moja. Nikasema huyu amerogwa. Ukanivalisha hedifoni, ukaniambia nizime skrini, na nikajikuta nimesimama katikati ya Ngong Road. Lori linatoka kushoto, sikio la kushoto linajaa, unaruka kulia. Baiskeli inatoka kulia, karibu haina sauti, unaruka kushoto. Niligongwa mara kumi na moja na bado nikataka tena. Siku hiyo hiyo nilikwambia hii kitu itatembea dunia nzima. Nani mwingine alikwambia hivyo? Ofisini kwenu walikwambia upunguze kelele.

Basi, Jumamosi. Watu walijaa kwetu kuliko kwenye meza ya simu za mkononi. Niliwafunga vitambaa machoni hao wenye macho, wakacheza, wakapiga mayowe, wakacheka mpaka machozi. Mama mmoja wa Lavington, miwani ya jua kichwani, ambaye hajavuka barabara kwa miguu tangu azaliwe, akafika ng'ambo bila kuguswa. Nikatangaza kwamba sasa mwenye mchezo atawaonyesha unavyochezwa. Ukaketi. Lori la kwanza, umegongwa. La pili, umegongwa. La tatu vile vile. Watu wakaanza kusema pole, pole, kama wako matangani. Na wewe, badala ya kukubali kwamba mchezo wako una kasoro, ukasimama ukaninyooshea fimbo: "Mbaluka, wewe ni tapeli. Umeuharibu makusudi ili wacheke."

Niliuharibu na nini? Mimi shule nilitoka kwa dirisha nikiwa darasa la saba. Hizo hesabu ulizoandika ndani ya kompyuta siwezi hata kuzifungua. Nataka uniombe msamaha kwa barua.

Wako aliyechafuliwa jina,
Mbaluka


Hurlingham
Jumatano, 28 Julai 2004

Bwana Mbaluka,

Barua yako ilifika ofisini, na kwa kuwa ilifika ofisini, aliyenisomea ni Odero, tarishi wetu. Odero ana sauti kubwa na hajui kuruka mstari. Wahasibu walitoka vyumbani mwao kusikiliza. Uliposema ulitoka shule kwa dirisha walipiga makofi. Ulipofika kwenye lori la tatu walinyamaza, na hicho kimya ndicho sitakusamehe. Kuanzia leo barua zako zipeleke nyumbani Woodley, uzipitishe chini ya mlango. Atanisomea dada yangu Virginia, na hakuna mwingine.

Hii naichapa mwenyewe kwa taipureta ya ofisi, saa ya chakula. Sihitaji mtu wa kuniandikia.

Kuna kile kitambaa ulichotundika juu ya meza. Nimeambiwa kiliandikwa ONJA GIZA. Nani alikwambia mimi ninakaa gizani? Nilitengeneza mchezo ambao asiyeona ataketi na mwenye macho na kumshinda. Wewe ukaufanya kuwa mahali pa watu kujitisha kidogo kabla ya kwenda kula chipsi. Vijana sita wasioona walikuja pale na mwalimu wao, wakitoka mbali. Uliwasimamisha kando dakika arobaini, wakisikia wengine wakicheka.

Huyo mwalimu ni Mwalimu Syokimau, mkuu wa shule ya wasioona huko kwenu Ukambani. Nikueleze kilichokuwa mezani siku hiyo, maana wewe uliona umati tu. Mwisho wa mwezi wa nane ofisi hii inaleta mashine ya kupokea simu. Mtu atapiga, ataambiwa abonyeze moja, abonyeze mbili. Nimekalia kiti hiki miaka kumi na minne. Mwalimu Syokimau anatafuta mtu asiyeona wa kufundisha kompyuta, na anamtaka kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa tisa. Alikuja kunisikia nikicheza mchezo niliouandika mwenyewe. Akanisikia nikigongwa mara tatu.

Nyumbani nacheza raundi ishirini bila kuguswa. Mchezo ni ule ule. Kilichobadilika Jumamosi ni kwamba ulikuwa kwenye meza yako na mikononi mwako. Msamaha hupati. Diski yangu mpe Odero.

J. Kiragu


Luthuli Avenue
Jumamosi, 31 Julai 2004

Bwana Kiragu, na Dada Virginia unayesoma,

Dada, nakusalimu sana. Pale nitakapomtukana ndugu yako usipunguze sauti, na pale nitakapojisifu soma polepole.

Diski sitoi. Tuulizane kwanza ni ya nani. Hesabu ni zako, nakubali. Na sauti? Lile lori lilirekodiwa na nani? Ni Mbaluka, amesimama kando ya Ngong Road Jumapili tatu mfululizo na kinasa sauti kifuani kama mtoto mchanga, kuanzia Adams mpaka Dagoretti Corner. Nilifukuzwa na mlinzi akidhani ninapeleleza benki. Dereva mmoja wa lori la mchanga alimtukana mama yangu kwa nguvu, na hilo tusi liko kwenye raundi ya tano, watu wanalipenda. Kwa hivyo nusu ya mchezo ni yangu na nusu ya mama yangu.

Ya vijana sita nikujibu kama mtu wa biashara. Maonyesho nayajua. Ukiwatanguliza vijana wasioona, watu wanasimama mbali, wanatikisa kichwa, wanasema Mungu awabariki, wanakwenda. Ukimtanguliza mama anayepiga mayowe, wanakuja mbio waone kuna nini. Kwanza umati, halafu wenyewe. Ndiyo kazi yangu, na hakuna anayeifanya kunizidi jiji hili.

Hata hedifoni za pale ni kazi ya mkono wangu. Zilikuwa fupi, nikazikata, nikaziongezea waya mita tatu kila moja na kuziunga kwa risasi ya kulehemu, ili mchezaji akae mbali na kompyuta watu wamwone vizuri. Fundi wa jirani aliniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia Dubai. Kwa hivyo usiniambie habari ya mikono yangu.

Ya kazi yako hukuniambia. Miezi mitano tunakula sambusa kwenye benchi moja, unajua mpaka namba ya viatu vyangu, na hukuniambia. Ningejua, yule mwalimu angeketi kiti cha mbele na soda baridi mkononi. Unanilaumu kwa kutoheshimu kitu ulichonificha.

Sasa sikia. Mwalimu Syokimau alipokuwa anaondoka alinishika mkono akaniuliza kama huyo bwana ana siku nzuri kuliko hii. Nikamwambia Ijumaa tarehe kumi na tatu, Agosti, maonyesho ya uwanja wa kanisa Lavington. Meza sikuwa nayo. Sasa ninayo. Mwalimu atakuja. Mimi nitakuja, na kompyuta, na diski, na mdomo. Wewe utakuja ukishaniandikia kwamba Mbaluka si tapeli. Sentensi moja. Hata fupi.

Mbaluka


Hurlingham
Jumatano, 4 Agosti 2004

Bwana Mbaluka,

Virginia amesoma. Kwenye kujisifu alikwenda polepole kama ulivyomwomba, na chakula chetu kikapoa.

Habari ya kazi sikukwambia kwa sababu kila ninachokwambia kinafika Luthuli Avenue yote kabla ya saa kumi. Nilikwambia mara moja kwamba mlango wa choo cha ofisi yetu haufungiki, na wiki hiyo mteja wako alipiga simu kuniuliza kama umetengenezwa.

Nimekuwa na marafiki wenye macho kabla yako. Wote huanza kwa kunisifu kwamba mimi ni hodari, na wote huishia kunishika kiwiko kwenye ngazi ninazozijua kuliko wao. Wewe nilidhani una tofauti kwa sababu siku ya kwanza uligongwa mara kumi na moja na hukuona haya. Nilikosea. Wewe ulinishika kiwiko mbele ya ukumbi mzima.

Sentensi yako siiandiki. Lavington siendi. Tafuta kipofu mwingine wa kuonyesha.

J. Kiragu


Luthuli Avenue
Jumatano, 11 Agosti 2004

Kiragu,

Jana Odero ameniletea bahasha yako, jina langu juu kwa mwandiko wake kama kawaida. Nikajua umelainika. Nikamtoa mteja, nikafunga mlango wa duka, nikaketi kuisoma kwa heshima.

Karatasi tupu.

Nikaigeuza. Tupu. Nikatikisa bahasha, pengine kuna nyingine. Nikatoka nje kumtafuta Odero, ameshaondoka.

Nimetukanwa na watu wengi, Kiragu. Nimetukanwa na polisi wa nchi tatu, na mama mkwe kwa Kikamba cha ndani kabisa. Lakini tusi lina heshima yake. Mtu amekaa chini, amekufikiria, amekuchagulia neno. Wewe umekunja hewa ukaitia kwenye bahasha. Umemtuma mtu mzima kutoka Hurlingham mpaka mjini aniletee hewa. Nilikuomba sentensi moja, ukanijibu kwamba sistahili hata herufi. Nimeelewa. Katika yote uliyowahi kunionyesha hakuna kilicholenga vizuri kama hiki.

Meza ya Lavington nimempa mama anayeuza sufuria. Ijumaa siendi. Mwalimu wako akifika atanunua kifuniko.

Na kwa kuwa urafiki umeisha, nikuachie ukweli ambao nilikuwa nimeuficha kwa huruma. Mchezo wako ni mbaya. Watu waliofungwa macho dakika mbili walivuka, na wewe uliyezaliwa hivyo ukashindwa. Unajidai una masikio ya ajabu. Pengine macho si kitu pekee kilichokuacha.

Usinijibu.

Mbaluka


Woodley
Jumapili, 15 Agosti 2004

Mbaluka,

Ni Virginia. Sikusalimu.

Jumatano asubuhi niliondoka kwenda Gatundu kumzika shangazi yetu, nimerudi jana. Barua yako uliipitisha chini ya mlango nikiwa nimeshaondoka. Kiragu aliikanyaga akiingia kutoka kazini, akaiokota. Hakumpa Odero aisome, na sababu unaijua. Alijiambia jibu lililokuja haraka hivyo haliwezi kuwa la kukataa. Akaitia mfukoni mwa koti.

Ijumaa alivaa suti, akafika lango la uwanja wa kanisa saa mbili asubuhi, mahali na saa aliyokuandikia. Alisimama. Askari wa lango alimletea kiti, akakataa, ilipofika saa nne akakubali. Walikupigia kwa simu ya huyo askari mara tatu na mara tatu ukakata. Saa tano Mwalimu Syokimau alipita akamwuliza meza yenu iko wapi. Akamwambia, "Mbaluka yuko njiani." Saa saba akapita tena, akamwambia hivyo hivyo. Saa tisa Kiragu aliondoka. Muda wote huo hiyo barua yako ilikuwa kifuani mwake.

Jana kabla sijavua viatu alinipa bahasha. Akasema nimsomee ajue ulichelewa kwa nini. Niliipitisha macho kwanza. Barua zako zote nimemsomea neno kwa neno, Mbaluka, na matusi yake, na upuzi wake. Hiyo sikuisoma. Nilimwambia umeandika kwamba unaumwa homa, ulilazwa. Sijawahi kumdanganya ndugu yangu kwa karatasi. Alishika barua, akahesabu kurasa kwa kidole gumba.

"Homa hii ina maneno mengi," akasema.

Hajaniuliza tena, na mimi sijui nitakaa na hii kitu mpaka lini.

Sasa karatasi tupu. Kiragu hawezi kukutumia karatasi tupu. Jumanne alichapa saa nzima ya chakula, na jioni alinirudia maneno yote mezani, amefurahi. Leo baada ya kanisa nimempigia Odero. Taipureta ya ofisi ilikuwa imekauka utepe tangu Jumatatu, makarani walikuwa wanangoja mpya kutoka stoo. Kila mtu alijua isipokuwa yeye. Mwenye macho angetambua kwenye herufi ya kwanza. Yeye alisikia vibao vinagonga, akaamini.

Herufi hazina wino lakini ziligonga. Kama hujaitupa, ipapase kwa nyuma.

Virginia


Luthuli Avenue
Alhamisi, 19 Agosti 2004

Ndugu yangu Kiragu,

Dada Virginia, naomba jambo moja kabla hujaendelea. Nenda ukailete ile barua yangu ya tarehe kumi na moja umsomee yote, mpaka mstari wa mwisho. Sikuwa naumwa. Nakushukuru kwa homa uliyonipa, lakini sitaki kupona kwa uongo.

Umemaliza? Haya.

Kiragu, ile karatasi nilikuwa nimeikunja kuwekea mguu wa meza usiyumbe. Niliitoa, nikaipapasa kwa nyuma, ni kweli ina vipele. Mimi sijui kusoma kwa vidole, kwa hivyo nilichukua penseli nikaipaka karatasi kwa ubavu wake taratibu, kama watoto wanavyopaka juu ya sarafu. Maneno yako yakatoka meupe katikati ya weusi. Naandika hapa nilichokiona, ujue kimefika.

"Mbaluka. Siku kumi na saba nimeufikiria mchezo wa Jumamosi ile. Mtu asiyejua kucheza hugongwa, huvuka, hugongwa. Mimi niligongwa kila mara. Kukosea kila mara si ubovu wa mchezo na si bahati, ni waya. Uliandika kwamba ulizikata hedifoni na kuziongezea. Nadhani ulipeleka waya wa kushoto kulia. Zifungue, ubadilishe, hutahitaji hata dakika kumi. Nilikuita tapeli mbele ya watu. Nakuomba msamaha. Wewe ni mjinga, lakini tapeli si wewe. Hiyo ni sentensi yako. Ijumaa nitakungoja langoni saa mbili. Kile kitambaa kiache nyumbani, na vijana wa Mwalimu Syokimau wakija, wacheze wa kwanza. Kiragu."

Nilizifungua, zote mbili. Waya wa kushoto uko kulia na wa kulia uko kushoto, na risasi imeshika vizuri sana, kazi safi. Siku niliyoziunga nilizijaribu, nikasikia sauti, nikasema sauti ipo, biashara ipo. Sikujiuliza iko upande gani. Lori lilipotoka kushoto wewe uliambiwa linatoka kulia, ukaruka kama ulivyopaswa kuruka, ukalifuata. Yule mama wa Lavington alivuka kwa sababu hakuwa anasikiliza chochote, alikuwa anabonyeza tu. Katika ukumbi ule wote aliyekuwa anasikia sawasawa ni mmoja, na ndiyo maana uligongwa.

Na nikakuandikia habari ya masikio yako. Hilo nililiandika nikiwa na akili zangu zote, sina cha kulifunikia.

Simu za Ijumaa ni kweli nilizikata. Niliona namba ngeni nikadhani ni yule mteja ambaye redio yake iliungua. Nilikuwa nimekaa hapa, nakula karanga.

Juzi nilipanda basi mpaka kwa Mwalimu Syokimau. Shule zimefungwa lakini anakaa pale pale. Nikamwanzia hotuba, nimeipanga tangu Nairobi, ina mwanzo, kati na machozi. Aliniacha nimalize. Akaniuliza kama ndimi wa kile kitambaa. Nikasema ndimi. Akaniambia vijana wake sita walimwuliza njia nzima kurudi, "Mwalimu, kwani tuliitiwa nini?"

Kazi bado haijapata mtu. Jumamosi tarehe ishirini na nane anakupa muda wa saa moja, kuanzia saa nne asubuhi, na vijana wanaokaa karibu atawaita. Alisema anataka kusikia mchezo ukifanya kazi, amechoka kuelezwa.

Diski yako iko ndani ya bahasha hii. Yote ni yako, na sauti pia, na tusi la mama yangu nakupa. Kama utakwenda, kompyuta ni nzito na njia ni mbali. Nipe kazi ya kubeba. Sitaki kingine.

Mbaluka


Hurlingham
Jumatatu, 23 Agosti 2004

Mbaluka,

Utepe ni mpya. Nimemwita karani athibitishe kabla sijaendelea.

Virginia amenisomea ya tarehe kumi na moja. Ilimchukua muda mrefu. Mstari ule wa masikio nilimwambia aurudie, na sasa ninao kichwani, nitakaa nao. Kisha akanisomea ya tarehe kumi na tisa, na mstari unaokiri hilo pia ninao. Sitakwambia upi una uzito zaidi kwa sababu hubadilika kati ya asubuhi na jioni.

Nimezungumza na Mwalimu Syokimau kwa simu. Nitakwenda. Kiti hiki nina siku saba tu nacho, na siendi kule kumwonyesha mtu kwamba naweza. Nakwenda kuomba kazi.

Utakuja Woodley Jumamosi saa kumi na moja asubuhi. Utabeba kompyuta na spika. Hedifoni utaniletea zikiwa zimefunguliwa, nitaziunga mwenyewe, Virginia atanitajia rangi za nyaya. Kwenye ngazi hutanishika. Tukifika utamsalimia Mwalimu kama watu wanavyosalimiana, halafu utaketi nyuma ya vijana. Hutanitambulisha wala hutasimulia mchezo ulivyoanza. Dubai hutaitaja. Nikigongwa hutasema pole, na nisipogongwa hutapiga makofi. Hutasema neno lolote, Mbaluka, mpaka tuwe tumetoka nje ya lango na mimi niwe wa kwanza kuongea.

Sijakusamehe kwa siku ile ya Lavington. Usiulize nitakusamehe lini.

Kama huwezi, niambie mapema nimwombe Odero.

J. Kiragu


Luthuli Avenue
Jumanne, 24 Agosti 2004

Kiragu,

Sawa.

Mbaluka